Sa Pa au Đồng Văn: nilale kijiji gani cha Wahmong?

Mwanamsafara: Habari wakuu. Nitakuwa kaskazini mwa Vietnam mwishoni mwa Septemba, siku nne kwenda na kurudi Hanoi. Nataka kulala kwa Wahmong, kabila la milimani huko, nione nyumba zao na kazi ya nili, ile rangi ya buluu ya majani. Niende wapi, na nyumbani kwao kuna miiko gani?

Kilele: Kwa siku nne, Sa Pa. Basi kutoka Hanoi huchukua saa tano hadi sita. Đồng Văn ni mbali zaidi: saa sita hadi saba kufika mji wa Hà Giang, kisha barabara ya kona za milimani, utafika umechoka na muda umekwisha. Inasikitisha, maana kule ndiko kwenye kuta nene za udongo ulioshindiliwa na mahindi yanayopandwa katikati ya mawe.

Ukiwa Sa Pa, usiishie kijiji cha Cát Cát. Iko jirani na mji, ina kiingilio, na nguo nyingi zinazokodishwa kwa picha si za Wahmong. Shuka bonde la Mường Hoa hadi kijiji cha Lao Chải, kwa Wahmong Weusi, kundi linaloitwa hivyo kwa rangi ya nguo zao. Tả Van inayofuata ni ya Wagiáy hasa, watu wengine kabisa. Siku ikiwa Jumapili, kuna soko la Bắc Hà, la Wahmong wa Maua, kundi lingine la Wahmong. Jua tu kwamba mwisho wa Septemba mpunga mwingi wa Sa Pa umeshavunwa.

Bi Nyuzi: Kuhusu miiko, anza mlangoni. Tawi la majani mabichi likining'inia hapo, usiingie wala usibishe hodi: kuna tambiko limefanyika au mama kajifungua. Ndani, usiegemee nguzo kuu wala kutundika begi. Kwa mila, kondo la nyuma la mtoto wa kiume huzikwa chini yake. Ukutani mkabala na mlango mkuu utaona karatasi zilizobandikwa manyoya ya kuku. Hapo ni pa mizimu ya nyumba, usipaguse, na picha upige kwa ruhusa tu.

Watoto wakikuuzia bangili njiani, usinunue, kwani biashara hiyo huwatoa shuleni. Nunua kwa mama zao.

Mwanamsafara: Shukrani sana. Kitambaa cha nili kilichotengenezwa kwa mkono nitakitambuaje?

Bi Nyuzi: Kigeuze. Cha kiwandani huchapwa upande mmoja, nyuma kimepauka. Cha mkono huchorwa kwa nta ya nyuki iliyoyeyushwa, kwa kalamu yenye ncha ya shaba, kisha huchovywa kwenye nili na kuanikwa mara nyingi kwa siku kadhaa, ndipo nta hutolewa kwa maji ya moto. Kwa hiyo buluu huingia pande zote, mistari haina unene sawa, na utaona nyufa ndogo pale nta ilipopasuka. Cha asili hufumwa kwa nyuzi za mmea wa jamii ya bangi. Ni kigumu na kina vifundo, tofauti na pamba.

Nili yenyewe hutoka kwenye majani yaliyolowekwa siku chache, maji yakatiwa chokaa na kupigwa hadi yatoe povu. Rangi hutuama chini kama tope. Chokaa ikikosewa kipimo, rangi haitulii vizuri.

Kilele: Na kipya huchuja. Usikifunge begini pamoja na nguo nyeupe, na ukifue peke yake kwa maji baridi mpaka maji yatoke meupe.