Mrejesho: Prosesa ya kubana video za harusi

Wakuu, nimerudi na mrejesho. Niliuliza hivi: nina prosesa ya AMD, Ryzen 5 2600, kwenye madabodi ya B450, na video za harusi zinakesha zikibanwa kwa x265 (kibanio cha video cha H.265) ndani ya programu ya HandBrake. Ninunue mashine mpya ya Intel au nibadili prosesa tu?

Nimemfuata aliyesema nisihame AM4, yaani soketi ya prosesa iliyo kwenye madabodi yangu. Nimechukua Ryzen 7 5700X, kore 8 na nyuzi 16. Nilisasisha BIOS (programu ya msingi ya madabodi) prosesa ya zamani ikiwa bado imekaa, kama mlivyosisitiza. Ukiing'oa kwanza unaweza kubaki na skrini nyeusi. Boksini haina feni. Niliirudisha ile ya 2600, ikaunguruma kama mashine ya kusaga, basi nikanunua kubwa zaidi.

Video ya 1080p yenye urefu wa saa moja, ambayo kuibana kulikuwa kukila saa mbili na ushei, sasa inamalizika kubanwa kwa saa moja na dakika chache, kwa mipangilio ileile. Nimeridhika kabisa.

Palipogoma ni kwenye kuhariri. Klipu za 4K za H.265, 10-biti 4:2:2 (zenye taarifa nyingi zaidi za rangi), bado zinakwamakwama, nalazimika kutengeneza nakala nyepesi kwanza. Hapo mdau wa Intel alikuwa na hoja: Quick Sync, sehemu ya kushughulikia video iliyo ndani ya prosesa za Intel, kuanzia kizazi cha 11 kwenda juu inazifungua klipu hizo bila jasho. Ila ukienda huko, kwepa prosesa zenye F mwishoni mwa jina, hazina kitu hicho.

Asanteni sana, hasa wa BIOS.