Downtown Disney ya zamani na Disney Springs ya sasa: pa kukaa bure pamebaki?

Dereva_Kayole:

Wadau, hamjambo. Naomba kujibiwa na mtu aliyefika Orlando, Florida, kwa miguu yake, si aliyefika kwa simu.

Mimi naendesha basi la shule huku Eastlands, Nairobi. Mwaka 2012 dada yangu aliye Kissimmee alinikatia tiketi nikashuhudie ubatizo wa mwanawe, nikakaa wiki tatu. Dada alikuwa na zamu ya saa tisa alasiri hadi saa tano usiku katika makao ya wazee, na shemeji ni dereva wa lori, huonekana Jumapili. Kule kama huna gari wewe ni mbuzi wa kamba: majani unayaona, kuyafikia ndiyo kazi. Kwa hiyo dada akienda kazini alikuwa ananishusha Downtown Disney, mtaa wa maduka na mikahawa wa Disney kando ya ziwa, akitoka ananipitia.

Kwa nini pale? Kuingia bure, kuegesha bure. Bustani yenyewe ya Disney, yenye kasri na bembea, tiketi ya siku moja ilikuwa karibu dola 90, na dola wakati huo ilikuwa kama shilingi 85. Piga hesabu. Dada alinilipia mara moja, nikapanda kila kitu kwa kuionea uchungu pesa yake, hata vile vikombe vya kuzunguka. Mtu aliyeendesha basi barabara ya Outering kabla haijapanuliwa halipii kizunguzungu, lakini nilipanda.

Downtown Disney nayo nilienda jioni 11. Nilihesabu. Nilijua mlima wa moto wa bandia pale Rainforest Cafe ukikaribia kunguruma, nikawa nasogea mapema na kuwatazama watoto wanaoshtuka. Nilijua duka la chokoleti ambako mlangoni walikuwa wanakupa kipande uonje, na jioni ya nne yule binti akaanza kunipa viwili bila kuuliza. Nilijua lile joka la Lego limetoa kichwa ziwani. Upande wa magharibi kulikuwa na puto kubwa lililofungwa chini, linapandisha watu futi 400 kisha linawarudisha. Na palikuwa na kibanda cha samaki juu ya maji, Cap'n Jack's, cha mbao mbao hivi, na karibu yake benchi. Benchi hilo lilikuwa langu. Nakaa, natazama boti, natazama watu wanavyogombana kwa lugha zao. Sijawahi kununua hapo zaidi ya soda mbili.

Waliokulia Nairobi watanielewa nikisema ile ilikuwa Uhuru Park yangu ya Jumapili. Unaenda umevaa vizuri, boti zipo, bembea za watoto zipo, mpiga picha anakufuata, na ukiwa na nauli tu ya kurudi bado siku imekamilika.

Sasa nasikia pamepanuliwa, pakabadilishwa jina pakawa Disney Springs, maduka yamepita 150. Aprili nasafiri na kitinda mimba wangu, yuko Gredi ya 5. Dada ananiambia, "Huwezi kupajua tena, utapotea." Swali langu si nini kimeongezwa, hayo yako kila mahali. Nauliza: asiye na pesa bado ana pa kukaa? Na wale waliopapenda kabla ya upanuzi, walifurahi au walinyamaza tu?

MamaTasha:

Baba, karibu tena Orlando. Sisi tulikuwa huko Agosti 2023, watoto wawili na mama mkwe mwenye magoti mabovu, kwa hiyo habari ya mabenchi niulize mimi. Yapo. Mengi. Lile eneo jipya la katikati, Town Center, wamepitisha maji ya buluu ya kutengenezwa, kuna miti na vijidaraja, na mama mkwe alikaa pale saa mbili akisikiliza kijana anapiga gitaa. Hakuna aliyemwondoa wala kumuuliza amenunua nini.

Joka la Lego lipo, mwambie mtoto. Mlima unanguruma bado. Kibanda cha Cap'n Jack's usikitafute, hakipo tena. Mlangoni sasa kuna ukaguzi wa mifuko na mashine, kama kuingia jumba lolote la kibiashara hapa kwetu, hutashangaa.

Mambo mawili. Usiende Jumamosi jioni, ni soko la Gikomba siku ya belo mpya za mitumba. Na kuna biskuti za duka linaloitwa Gideon's, moja ina uzito wa karibu nusu ratili, bei ilikuwa karibu dola 6, na foleni yake ulikuwa unajiandikisha kwanza kwa simu. Tulinunua moja tukaigawa vipande vinne kwa kijiko. Mama mkwe akauliza kama ni mkate.

Ah, na mabasi. Kutoka bustani za Disney kuja hapo jioni mabasi yapo, lakini kutoka hapo kwenda moja kwa moja bustanini hakuna. Wanajua watu wangeegesha bure pale kisha wapande basi. Wajanja kama makanga wetu wa matatu.

Bembea_NairobiWest:

Mzee, umenigusa pabaya. Mimi ni mgonjwa wa mambo haya. Tangu chuo nakusanya ramani za bustani za michezo, na nimefika Florida mara mbili tu, 2007 na 2018. Kwa hiyo nimeona pande zote mbili za kisu.

Kwanza nikusahihishe kwa heshima: hiyo Downtown Disney unayoililia yenyewe ilikuwa imeshamla mwingine. Mahali pale palifunguliwa Machi 1975 kama kijiji kidogo cha maduka ya mbao kando ya ziwa, Lake Buena Vista Shopping Village. Hicho kibanda chako kilikuwa masalia ya siku hizo. Mwaka 1977 wakapaita Walt Disney World Village, na mwaka huohuo wakajenga ziwani mkahawa wenye umbo la meli ya mvuke, Empress Lilly, jina la mke wa Walt. Haiendi popote hiyo meli, imesimama tu. Mwaka 1989 ikaja Pleasure Island, kisiwa cha vilabu vya usiku. 1997 wakaongeza upande wa magharibi na jina la Downtown Disney. Kila kizazi cha mashabiki kimekuta upanuzi na kimelia.

Langu mimi ni Pleasure Island. Kwa miaka mingi walisherehekea Mwaka Mpya pale kila usiku, kila usiku wa Mungu, kuhesabu na fataki. Kulikuwa na klabu moja, Adventurers Club, imejaa vinyago ukutani, na baadhi vilikuwa vinazungumza na wageni. Salamu yao ilikuwa "Kungaloosh!" Mzungu mmoja aliposikia natoka Kenya akaniuliza hilo ni neno la Kiswahili. Nikamwambia ndiyo, maana yake ni "nunulia mgeni kinywaji." Akanunua.

Vilabu vilifungwa Septemba 27, 2008. Kwa hiyo wewe 2012 lazima ulikuta katikati pamekufa, milango imefungwa, watu wanapita tu kwenda upande wa pili. Hilo watu husahau wanapolalamika. Tangazo la Disney Springs lilipokuja Machi 2013, wengi tulidhani ni jina tu, rangi mpya juu ya kidonda. Halafu barabara ikachimbwa miaka mitatu. Unaijua hali hiyo, wewe ni mtu wa Outering.

Kilichotunyamazisha ni maegesho. Usicheke. Walijenga maghorofa ya kuegesha, na juu ya kila nafasi kuna taa: ikiwa ya kijani, pako wazi. Zamani Jumamosi ulikuwa unazunguka na gari hadi watoto walale. Bado ni bure. Shabiki aliyekuwa amekunja ngumi akaikunjua palepale kwenye ngazi.

Kelele mpya zikaanza Town Center ilipofunguliwa Mei 2016. Maduka ya nguo ya Zara na Uniqlo, vipodozi, mikoba. Watu wakauliza: Mickey yuko wapi? Nami nauliza hivyo hadi leo. Sikatai ukubwa. Ninachokataa ni kusafiri saa zaidi ya 20 nikute shati ninaloweza kuliona kwenye mtandao nikiwa kitandani. Na upande wa magharibi waliibomoa DisneyQuest, jengo la ghorofa tano la michezo ya watoto lililofungwa 2017, wakaweka mambo ya mpira wa kikapu mwaka 2019. Korona ikaingia Machi 2020, likafungwa, halikufunguliwa tena. Mtu angewauliza watoto.

KijanaWaRongai:

Wazee wangu, ni mol. Mol yenye ziwa. Mpeleke mtoto Two Rivers hapa Nairobi, kuna gurudumu kubwa na maji pia, nauli ni ya matatu, na hakuna anayekuuliza benki yako ina ngapi kabla ya kukupa viza.

MamaTasha:

@KijanaWaRongai mjomba amepata tiketi ya dada, mwache aende. Nawe ukipata utaenda bila kuaga.

Shabaha_Ngara:

Mimi sijafika, nakiri, kwa hiyo mzee nisamehe. Ila nimesoma ile hadithi waliyojitungia na inanichekesha. Wanasema eti mfugaji wa ng'ombe alikuta chemchemi miaka ya 1850, mji ukaanza kukua kando yake, ndiyo maana ya jina Springs. Hakuna mfugaji, hakuna mji, hata chemchemi imechimbwa na mkandarasi.

Sasa sisi. Mji wetu wa Nairobi, wafugaji walikuwepo kweli, maji yalikuwepo kweli, jina lenyewe ni la Kimaasai, maji baridi. Nenda kayatafute hayo maji pale Ngara chini ya daraja, ushike pua. Wenzetu wamezua chemchemi na bibi wa watu amekaa kando yake saa mbili. Sijui nimcheke nani.

Bembea_NairobiWest:

@Shabaha_Ngara hapo umenimaliza. Na bado hujaona Harambe. Iko ndani ya bustani yao ya Animal Kingdom, mji mzima wa kubuni wa Afrika Mashariki, kuta zimeigwa Lamu, rangi imebabuliwa makusudi ionekane ya zamani, na kuna mkahawa unaitwa Tusker House. Nilipoona jina la bia yetu nilikimbilia huko. Kumbe ni mahali pa kula na watoto, Donald Duck anakuja mezani.

Dereva_Kayole:

Asanteni sana. Nimesomea ndani ya basi nikisubiri watoto watoke, nimecheka peke yangu hadi mlinzi wa lango akaja kuniangalia.

Bembea, umenirekebisha vizuri. Ni kweli katikati palikuwa pamekufa. Kuna milango nilikuwa napita kila jioni nikidhani ni maghala. Kumbe nilikuwa napita matangani na mimi natafuna chokoleti ya bure.

Lakini niwaambie kinachonisumbua bado, na si Zara. Ile sehemu ya zamani ilikuwa na pengo. Duka, halafu pengo, halafu ziwa. Kwenye pengo ndiko nilikokaa. Nimetazama picha za sasa na pengo silioni, kila hatua kuna dirisha lenye kitu. Mtoto wangu ana macho. Benchi lipo, nakubali, MamaTasha ameshuhudia, lakini benchi linalotazama maji na benchi linalotazama viatu si benchi moja. Ukiwa na mtoto wa miaka 10 na dola 40 mfukoni, la pili ni mtihani.

Kijana wa Rongai, Two Rivers nilishampeleka. Gurudumu alilipenda. Akalia tulipofika kwa viatu. Ndiyo naongea kwa ushahidi.

MamaTasha:

Baba, basi nikupe siri. Ukiingia, usipite katikati. Shika mkono wa upande wa Marketplace, wa ziwa, huko ndiko kulikobaki polepole kidogo. Ukifika gatini kuna boti za kwenda hoteli zao, Port Orleans na kwingine. Sisi mwaka ule wa 2023 tulipanda, hatukulipa kitu. Zinapita mtoni polepole, miti pande zote, hakuna duka hata moja. Mama mkwe alisinzia. Uliza kwanza kama bado wanaruhusu, kisha nenda nayo, rudi nayo.

Dereva_Kayole:

Hiyo ndiyo nilikuwa naitafuta. Mungu akubariki, mama.

Nimempigia dada usiku huu nikamsomea. Mnajua alichoniambia? Miaka yote hiyo hajawahi kukaa pale. Mwaka 2012 alikuwa ananishusha langoni na kuondoka, na baada ya hapo ni kazi na watoto. Siku hizi zamu yake ni ya asubuhi. Ameniuliza hiyo boti inaondoka saa ngapi.