MJADALA: Maiki za dainamiki za zamani zinazishinda mpya kweli, au ni mapenzi tu?

Mleta uzi

Wakuu, salaam zenu. Nina studio ya chumba kimoja hapa Temeke. Juzi kanijia kiongozi wa bendi ya dansi, wanataka kurekodi nyimbo sita, tumeshaelewana mpaka bei. Ananyanyuka kuondoka, macho yakatua kwenye SM57 yangu, maiki ya kampuni ya Shure. "Hii ya Marekani au ya Mexico?" Nikamwambia ya Mexico, ina mwaka mmoja tu. Akaguna. Kasikia kwamba zile za zamani zilizoandikwa Unidyne III ndizo zenye sauti, hizi za siku hizi limebaki jina. Akaaga, eti atafikiria. Kazi ya nyimbo sita inataka kuniponyoka kwa ajili ya maandishi ubavuni mwa maiki!

Msimamo wangu nautoa mapema mpate pa kunishikia: hiyo sauti ya zamani tunayoihangaikia haimo ndani ya maiki.

Uangalieni ukoo wenyewe. Shure walitoa Unidyne ya kwanza, Model 55, mwaka 1939, ile kubwa yenye mbavu za chuma ambayo wengi wanaijua kwa picha za Elvis. Mwaka 1959 mhandisi wao Ernie Seeler akaleta Unidyne III, yaani 545, nyembamba, unaiimbia kichwani badala ya ubavuni. Humo ndimo zilimotoka SM57 mwaka 1965 na SM58 mwaka 1966. Zote ni dainamiki: ndani kuna kiwambo chembamba cha plastiki, koili ya waya iliyogandishwa nyuma yake, sumaku na transfoma. Sauti inatikisa kiwambo, koili inacheza kwenye sumaku, unazaliwa umeme kidogo. Mpaka leo ni hivyo hivyo. Sasa ukiweka ya mwaka 1972 na ya mwaka jana mezani, unalinganisha babu na mjukuu wenye sura moja, ila babu kapitia miaka hamsini ya mate, jasho, moshi wa sigara na vumbi la chuma linalonaswa na sumaku. Chukua 57 kumi za umri huo, utapata sauti kumi. Anayesema "za zamani tamu" kasikia moja.

Mzee wa Spuli

Mwanangu, umeongea vizuri lakini umekimbia. Mimi nilianza kufunga nyaya enzi za tepu za spuli, wakati bendi nyingi za Dar zikirekodi pale Radio Tanzania. Bendi nzima chumba kimoja, kila kitu kinaingia kwenye tepu kwa mkupuo. Mpiga tarumbeta akiteleza mnarudia wote, na mwimbaji anawatazama kwa jicho la pembeni. Hakuna cha "tutarekebisha baadaye". Ukitaka saksafoni ishuke, unamwambia mwenyewe arudi nyuma hatua mbili.

Nina 57 niliyoinunua mwaka 1977. Naiweka mbele ya saksafoni, inakaa kimya na kazi yake. Hizi mpya nimezisikia kwa mjukuu wangu. Zinakwaruza. Nina miaka 71 lakini kukwaruza nakusikia.

Kijana wa Sinza

Shikamoo mzee. Kwa heshima zote, sikio la miaka 71 lisilosikia vizuri juu ya hezi 10,000 linakwaruzwa na nini?

Mzee wa Spuli

Marahaba. Kukwaruza kunaanzia 4,000 huko, na 57 imenyanyuliwa makusudi kwenye 5,000 na 6,000. Usome kwanza karatasi iliyokuja na maiki yako, ndipo uje kupima masikio ya wazee.

Fundi Waya

😂 Sinza kaa chini.

Mimi natengeneza hivi vitu, nipeni nafasi kidogo. Nyote wawili mnaitazama maiki peke yake, hakuna aliyeuliza imechomekwa wapi. SM57 imetengenezwa wakati priampu za mikisa, yaani vikuza-sauti vya maiki, zilikuwa na transfoma pale mlangoni, na mzigo ambao maiki iliukuta huko ulikuwa mzito kuliko wa intafesi zetu za sasa, hivi visanduku vya kuingizia sauti kwenye kompyuta, ambazo nyingi zinaanzia omu 2,000 na kwenda juu (omu zikiwa nyingi, mzigo ni mwepesi). Dainamiki yenye transfoma inaguswa na mzigo huo. Ibadilishie priampu tu, besi inakaza au inalegea, na huku juu panatulia au panachongoka. Kwa hiyo mzee anaweza kuwa kasikia sawasawa kabisa, ila mjukuu kachomeka kwenye kisanduku kingine, basi lawama ikaangukia Mexico.

La pili. Zile 545 za zamani zilitengenezwa uweze kuzifunga kwa impidansi, yaani ukinzani wa umeme, ya chini au ya juu. Zinakuja mezani kwangu zimefungwa ya juu, kwa sababu zamani zilikuwa zinaenda moja kwa moja kwenye ampu ya gitaa au amplifaya ya ukumbini. Mtu anaivutia waya wa mita kumi, sauti za juu zinamezwa njiani na waya, halafu ananiambia, "Sikia joto hilo, fundi!" Joto gani? Hiyo ni waya mbili zimekaa siko. Nazibadilisha dakika tano, wengine wananuna.

La tatu, sponji. Hili ndilo linaloua. RE20 ya Electro-Voice, ya mwaka 1968, ni maiki bora sana, na ule mfumo wake wa matundu ya ubavuni unaozuia besi isifure ukisogelea sijaona wa kuushinda. Lakini sponji ya ndani ikizeeka inageuka unga, au inanata kama asali iliyomwagika. Sennheiser MD 421 na MD 441 za umri ule nazo zina ugonjwa huohuo. Unga unakwenda kukaa kwenye kiwambo. Ukiambiwa na muuzaji wa ng'ambo kwamba "imetunzwa vizuri", muulize sponji ilibadilishwa lini. Akikaa kimya, kaa na hela yako.

Mama Podikasti

Naunga mkono hoja ya mleta uzi, ingawa kwa sababu nyingine. Narekodia chumbani Mbagala, juu bati, nje bodaboda. Maiki ya kondensa, ile inayonasa hata sauti ndogo, niliiuza baada ya wiki mbili maana ilikuwa inarekodi mpaka jirani akikaanga vitumbua. Nikaambiwa dainamiki, tena "ile ya Michael Jackson". Kweli Bruce Swedien, fundi wake wa kurekodi, alimrekodi MJ kwa SM7, nayo ya Shure. Niliipata SM7 ya zamani kwa mtu, na ni kweli inapendeza. Ila jamani inanong'ona! Familia hiyo inataka gaini, yaani kukuzwa sauti, ya desibeli kama 60. Intafesi yangu ndogo nikiifungulia mpaka mwisho inatoa shshsh kama mvua nyingine chini ya bati. Ikabidi ninunue kile kipriampu cha kuchomeka katikati ya waya, kinachokula umeme wa volti 48. Gharama juu ya gharama. Shure wenyewe mwaka 2023 wametoa SM7dB yenye priampu humohumo ndani, ya kuongeza desibeli 18 au 28. Wasingeihitaji kama tatizo lingekuwa langu peke yangu.

Halafu sumaku. Tangu miaka ya 80 kuna neodimiamu, yenye nguvu kuliko zile za aluminiamu, nikeli na kobalti za zamani. Linganisha SM58 na Beta 58A yenye neodimiamu, Beta ina sauti kubwa zaidi kwa desibeli 3 hivi. Kwetu sisi wenye vifaa vya bei ndogo hizo tatu si haba.

Binti wa Funguni

Mimi nipo Unguja, narekodi taarab na kaswida. Mnazungumzia gitaa na saksafoni tu, leteni fidla nne pamoja na mwanamama anayeimba kwa sauti ya juu, ndipo mtajua mpya zina kasoro gani. Nyingi zimechongwa ziwe kali huko juu ili mwimbaji asikike jukwaani penye ngoma. Kwenye chumba kitulivu ukali huo unakuwa sindano. Nina MD 441 ya zamani. Ina swichi ya kupunguza besi hatua kwa hatua na nyingine ya sauti za juu, nikiziacha zote zimetulia inanipa fidla kama ilivyo, mbao na unywele wa upinde. Hapo sikubali kwamba ni hadithi. Ni uchaguzi wa waliochora maiki, na walichagua tofauti.

Ila kununua ya zamani pwani kuna jambo hamjaligusa, nalo ni hewa ya chumvi. Maiki iliyokaa miaka hamsini Ujerumani kwenye kabati kavu ikifika huku inaanza kuzeeka upya. Yangu inalala ndani ya kopo la maziwa lenye vipakiti vya kunyonya unyevu.

Mgeni humu

Samahani wakuu, mimi nina 57 nimenunua dukani Kariakoo shilingi 45,000, imeandikwa Unidyne kabisa. Hii ni ya zamani au mpya?

Fundi Waya

Ndugu yangu. Mpya kabisa, ya wiki ile uliyoinunua. Ya kweli huko Marekani kwenyewe inauzwa karibu dola 100. Ipime kwenye mzani wa duka, halali ina gramu 284 hivi. Feki nyingi ni nyepesi, hazina transfoma ndani. Usiitupe, itakufaa kuita watoto waje kula.

Mleta uzi

Nimerudi na majibu. Mzee wa Spuli alikubali kuniazima 57 yake (ahsante mzee, na chai ilikuwa nzuri). Nikazifunga mbili kwa mkanda, vichwa vimegusana, priampu za aina moja, nikasawazisha viwango kwa mita maana iliyo kubwa kidogo hata kwa desibeli moja sikio huisifu. Nikamwita kiongozi wa bendi, nikamketisha mgongo kwa skrini asione.

Kwenye ampu ya gitaa alibahatisha tu, mara hii mara ile. Nilitaka kushangilia. Kwenye saksafoni akanyoosha kidole kwa ile ya mzee mara nne mfululizo, na mimi mwenyewe niliisikia: juu imelainika, haichomi. Nikakaa kimya.

Binti wa Funguni, nakubali hoja yako ya uchoraji, ila hizi mbili mchoro wake ni mmoja, kwa hiyo nikampelekea Fundi Waya aitazame.

Fundi Waya

Nimeifungua jana. Ndani waya safi, transfoma nzima, kiwambo hakina kovu. Ila vile vitundu vya kichwani! Nusu nzima vimezibwa na uchafu mweusi uliokauka, wa miaka na miaka. Nikasafisha taratibu kwa brashi laini, kichwa kimeangalia chini ili uchafu usidondokee ndani. Tukarudia jaribio la saksafoni. Kiongozi wa bendi kapata mbili kati ya nne.

Mzee wa Spuli

Nani kakutuma kuisafisha? Kesho naifuata. Na huo uchafu wangu uutie kwenye bahasha.