Tangazo la mirathi liko kwa gazeti la Kampala, sisi wa Arua tungelionea wapi?

Ndugu zangu nimekasirika na siwezi kunyamaza. Wiki iliyopita tumeamka tumekuta sevea, yaani mpima ardhi, anachimbia mawe ya mipaka katikati ya shamba la marehemu baba, hapa nje kidogo ya Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Kumuuliza, anasema katumwa na msimamizi wa mirathi. Msimamizi gani?? Kumbe ndugu yetu wa mama mwingine, yule anayekaa Kampala, aliomba barua za usimamizi kortini na akapewa kabisa, sisi tuliobaki nyumbani tukilima hatujui lolote.

Nikaenda kortini. Karani akafungua faili akanionyesha kipande cha gazeti kimepigwa stepo, tangazo dogo kama kiberiti, Kiingereza cha mawakili, limebanwa kati ya mtu aliyepoteza hati ya ardhi na mwingine anayebadilisha jina. Akaniambia tangazo lilitoka, siku 14 zikapita, mbona hamkuweka kaveati, yaani pingamizi? Yaani kosa likawa letu!

Sasa niulize, mama yangu hajui kusoma Kiingereza, gazeti lenyewe linafika huku na basi, nakala chache, zinaishia maofisini na kwa wenye maduka mjini. Kijijini nani ananunua gazeti kila siku asome kurasa za nyuma akitafuta kama jina la baba yake limo? Na ukikosa siku hiyo moja basi, kesho yake limeshafungia samaki sokoni. Nimezunguka kwa wauzaji kutafuta toleo lile, hakuna anayeweka ya zamani, kwenye simu nako wanataka ulipie kwanza.

Gazeti rasmi la serikali, Uganda Gazette, ndio usiseme, linachapwa Entebbe kila Ijumaa, humo ndimo mtu akisema hati yake ya ardhi imepotea msajili anatangaza mwezi mmoja kabla ya kutoa nyingine. Angalau matoleo yake mengi ULII, ile tovuti ya sheria za Uganda, wameyaweka mtandaoni bure, unaweza kufungua ukasoma. Matangazo ya korti ya mirathi kwa nini yasikae mahali pamoja hivyo hivyo, bure, uandike jina la marehemu au la kijiji yatoke yote hata ya miaka mitano nyuma? Korti inalo faili, tangazo inalo, kuliweka mtandaoni ni kazi ya dakika kumi.

Na msinielewe vibaya nyie mnaosema kila kitu kiende mtandaoni tu. Data tunalipia kodi asilimia 12 tangu 2021, na Januari ya mwaka huohuo si walizima intaneti nchi nzima siku kadhaa wakati wa uchaguzi? Ingekuwa siku zako 14 zinahesabiwa hapo ungefanyaje? Ndiyo maana nasema mtandaoni pawe pa kutafutia na kuhifadhi, lakini karatasi ibandikwe gombolola (ofisi ya kata) na kwa mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, wa pale pale shamba lilipo, na isomwe redioni kwa lugha ya watu. Msiba ukitokea huku Radio Pacis, redio yetu ya Arua, inatangaza na mpaka shangazi wa kijiji cha mbali anajua, mirathi ya huyo huyo aliyekufa inashindikana nini?

Halafu Kiswahili. Katiba ilirekebishwa 2005 kikawa lugha rasmi ya pili. Mimi tangazo la korti kwa Kiswahili sijaliona hata moja.

Kinachoniuma zaidi ni ile barua ya kutokuwa na pingamizi inayotolewa na ofisi ya Administrator General, msimamizi wa mirathi wa serikali, maana kabla ya kuipata na kwenda korti familia inatakiwa ikae kikao na mwenyekiti wa LC1 aandike barua yake. Kikao kilikaa na nani? Mwenyekiti wetu anaapa hajaandika kitu.

Jumatatu narudi kortini kuuliza habari za kufuta ule usimamizi. Aliyewahi kupitia hii aniambie alianzia wapi, na kama wakati kesi inaendelea unaweza kumzuia sevea asirudi shambani. Mama halali, anashinda amekaa pale kwenye mawe.