Ukoo wa Mpwapwa: mtoto kalazwa tena

Mama Zawadi: Habari za jioni ndugu zangu. Mdogo wake Zawadi kalazwa tena hapa wilayani. Wanasema nimonia, kama mwezi uliopita.

Baba Mkubwa: Pole sana mwanangu. Anaendeleaje?

Mama Zawadi: Ananyonya kidogo anaacha, anahema. Jasho linamtoka kichwani mpaka kanga inalowa. Na uzito umegoma.

Shangazi Nesi: Hilo jasho limeanza lini?

Mama Zawadi: Tangu tulipomaliza arobaini, shangazi. Nilijua ni joto tu.

Shangazi Nesi: Basi sikia mwanangu. Nimonia ya kujirudia, jasho la kunyonya, uzito kugoma: hapo lazima moyo uangaliwe. Mtoto akizaliwa na tundu kati ya vyumba vya moyo, damu nyingi kupita kiasi inakwenda mapafuni. Ndiyo maana anahema mbiombio na kifua hakiponi. Dawa za nimonia apewe, ila tundu hazilizibi.

Baba Mkubwa: Sasa hapo si hakuna daktari wa moyo?

Shangazi Nesi: Hayupo kaka, lakini aliyepo ana masikio. Amvue nguo mtoto, asikilize moyo vizuri, siyo mapafu peke yake. Wambane kidole cha mguu na kile kipimo cha oksijeni. Ila Mama Zawadi, kikisoma vizuri usikubali kuambiwa moyo ni mzima, maana tundu la namna hii oksijeni inaweza kuwa ya kawaida kabisa.

Shangazi Nesi: Omba rufaa ya Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, afanyiwe eko, kile kipimo cha picha ya moyo. Haiumi, ni kama ile ultrasaundi ya mimba. Na barua itaje moyo!! Ikiandikwa nimonia tupu, huko nako wataanza na nimonia.

Mjomba Kondoa: Akikutwa na hilo tundu ni kupasuliwa?

Shangazi Nesi: Siyo lazima. Matundu madogo mengine hujifunga yenyewe. Wengine huanza na dawa ya kupunguza maji mwilini, wakipata uzito ndipo upasuaji unapangwa, mara nyingi Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar.

Mjomba Kondoa: Na hela?

Shangazi Nesi: Sera inasema chini ya miaka 5 ni bure hospitali za serikali, lakini nauli na chakula ni juu yetu. Wakidai hela ya vipimo, aende ustawi wa jamii hapohapo hospitali, asiondoke kimya.

Mjomba Kondoa: Nauli natuma sasa hivi.

Baba Mkubwa: Mimi niko Ng'ong'ona, Mkapa ni jirani. Mtafikia kwangu.

Mama Zawadi: Shangazi, daktari kasikiliza. Kasema kuna mlio kwenye moyo. Anaandika rufaa.

Shangazi Nesi: Afadhali. Muulize kama kwenye gari kuna oksijeni na nesi wa kumsindikiza. Kadi ya kliniki usiisahau. Midomo ikigeuka bluu au akishindwa kabisa kunyonya, usingoje asubuhi, waambie usiku huuhuu.