Naomba ushauri: chakula cha kugandisha, nikiwa nyumbani namuuguza mama

Binti wa Tabata
Habari zenu wapendwa. Mama alipata kiharusi mwaka jana, upande wa kulia umelegea. Saluni nimeacha kwa kuwa hawezi kubaki peke yake. Kaka zangu wanatuma cha kula, ila hela ya mazoezi ya viungo, bajaji ya kwenda na kurudi, na nepi za watu wazima inanisubiri mimi.

Jumamosi binamu yangu huja kushinda naye. Nawaza siku hiyo nipike kwa wingi, nigandishe, halafu wiki nzima niwe natoa tu kwenye friza. Maharage, kisamvu cha nazi, sambusa za nyama, pilau. Wateja nawaona: wadada wanaokwama foleni ya barabara ya Mandela na kufika nyumbani saa mbili usiku wamechoka. Mtaji laki nane, friza itakuwa ya mtumba. Nianze na nini? Na umeme ukikatika?

Mama Sambusa
Pole kwa kuuguza, mdogo wangu. Pilau achana nayo kwanza. Wali ukipoa polepole kwenye sufuria kubwa unafuga vijidudu, na sumu yake haiondoki hata mteja akipasha moto. Atakayeumwa tumbo atakutangaza mtaa mzima.

Maharage ndiyo yatakayokutoa. Mwenye mtungi wa kilo 6 hataki kuchoma gesi kwa ajili ya maharage. Loweka usiku, mwaga yale maji, chemsha yaive vizuri, usiunge. Kila mtu na kiungo chake. Pakia nusu kilo nusu kilo, mifuko uilaze bapa ili igande upesi.

Sambusa gandisha mbichi. Nyama iwe imeiva na kukauka kabisa, ikibaki na maji manda zinapasuka kwenye mafuta. Panga kwenye sinia zisigusane, zikikaza ndiyo utie kwenye mfuko. Na mwambie mteja akaange hivyohivyo, asiziyeyushe! Oda za Ramadhani anza kuchukua tangu Shaabani.

Fundi wa Majokofu
Dada, tafuta friza ya kufungulia juu. Ukiifungua, baridi inabaki chini. Kabla hujalipa, bana noti kwenye mfuniko: ikichomoka kirahisi, mpira umekwisha, na LUKU, umeme wa kulipia kabla, itakula faida yote. Iwashe dukani, usikubali kuambiwa "inagandisha vizuri".

Friza iliyojaa inashikilia baridi kama saa 48 usipoifungua, iliyojaa nusu kama saa 24. Kwa hiyo nafasi tupu zijaze chupa za maji. Gandisha maji kwenye kikombe, weka sarafu juu yake, kiache humo. Ukikuta sarafu imezama, ujue umeme ulikatika muda mrefu wewe ukiwa hospitali na mama. Chakula cha moto kipoze kwanza, sufuria ndani ya beseni la maji baridi, kisha ukigawe kwenye vyombo vidogo.

Binti wa Tabata
Asanteni sana! Hiyo ya sarafu sikuwahi kuisikia. Kisamvu je?

Mama Sambusa
Twanga, chemsha kiive haswa, gandisha bila nazi. Tui likiyeyuka linakatika, linaonekana kama limeharibika. Nazi ataweka mwenyewe.

Mzee wa Hesabu
Binti, mambo ya usalama wa chakula yalihamia TBS, shirika la viwango, mwaka 2019, huko ndiko utakakosajili jengo na bidhaa ukitaka kuingia madukani. Kwa sasa nenda ofisi ya serikali ya mtaa, chukua TIN (namba ya mlipakodi), upime afya ya mpishi. SIDO, shirika la viwanda vidogo, wanatoa mafunzo ya usindikaji, waulize. Hela ya friza na hela ya nepi zisikae pochi moja. Na hao kaka zako wakija kula sambusa, walipe.

Binti wa Tabata
Shikamoo mzee. Nimecheka, maana mmoja ameshaulizia "za kuonja". Mama nimemsomea majibu yenu. Anasema ninunue maharage ya njano, yanaiva upesi, na nisichanganye na mekundu kwenye sufuria moja. Kuchambua atachambua yeye, kwa mkono wa kushoto. Jumamosi naanza na kilo tano za maharage, sambusa wiki inayofuata.