Je, raga ya wachezaji saba ilianza kwa ajili ya hisani?

Katibu wa klabu, Kisumu
Wanaraga wenzangu, nimepewa kazi ya kuandika historia fupi ya mashindano yetu ya hisani ya raga ya wachezaji saba kila upande, itakayochapishwa katika kijitabu cha mwaka huu. Wazee wa klabu wanashikilia kwamba kuwachangia wenye shida ndiyo asili ya mchezo huu, ilhali vijana wanasema hayo ni mapambo ya juzi tu. Kabla sijaandika jambo la kunifedhehesha, naomba mwenye kufahamu anieleze.

Mwalimu wa historia, Kakamega
Ndugu Katibu, pande zote mbili zina chembe ya ukweli. Mchezo huu ulizaliwa mwaka 1883 katika mji mdogo wa Melrose, Uskoti, na kilichouzaa ni ukata. Klabu ya huko ilikuwa imeishiwa, na Ned Haig, mchezaji wake aliyefanya kazi buchani, akapendekeza siku ya michezo yenye mashindano ya raga ndani yake. Kwa kuwa timu kadhaa za wachezaji 15 zisingeweza kumaliza mashindano alasiri moja, walipunguza wachezaji hadi saba na kuifanya mechi iwe ya dakika 15. Fainali ya Melrose na majirani wao Gala ilikwenda sare, wakakubaliana kuongeza muda, na Melrose walipofunga trai wakatoka uwanjani wakidai kombe ni lao, huku Gala wakiteta kwamba muda haujaisha. (Kisa hicho usikiache, watu wa Kisumu watakifurahia.) Kwa hiyo harambee ilikuwepo tangu siku ya kwanza, ila klabu ilikuwa inajinusuru yenyewe.

Mhazini mstaafu, Nakuru
Hisani yenyewe inaonekana waziwazi mwaka 1926, Mskoti aliyeishi London, Daktari Russell-Cargill, alipoanzisha mashindano ya Middlesex, ambayo mara ya kwanza tu yalipata takriban pauni 1,600 kwa mfuko wa hospitali. Vilevile, usiyachanganye mashindano yenu na yale ya msururu wa kitaifa, kama Prinsloo hapa kwetu au Dala huko kwenu, ambako klabu huwania pointi za ubingwa.

Nikushauri pia kuhusu neno "mapato". Mwaka mmoja nikiwa mhazini, tulitangaza kwamba fedha zote za langoni zingekwenda wodi ya watoto. Jioni tukazimwaga noti mezani, tukazihesabu mara mbili, na baada ya kulipia hema, vipaza sauti, gari la wagonjwa na nauli za waamuzi, kilichobaki kilinunua magodoro sita. Magodoro sita si haba, lakini aliyekuwa amelisikia tangazo aliuliza nyingine zimekwenda wapi, na alikuwa na haki ya kuuliza. Basi andika kiasi kilichofika kwa walengwa, wala si kilichokusanywa, na ukitafute katika vitabu vya risiti, kwa maana kumbukumbu za wazee huongezeka riba kila mwaka.

Katibu wa klabu, Kisumu
Nawashukuru sana, Mwalimu na Mzee wangu Mhazini. Leo asubuhi nimefungua kabati la klabu, nikakuta vitabu vitatu vya risiti vilivyofungwa kwa kamba ya katani, karatasi za kaboni bado zimo. Kishina cha kwanza cha mashindano yetu kimeandikwa kwa wino wa buluu: "mchango wa paa la chumba cha kubadilishia nguo". Hospitali haitajwi mpaka kitabu cha tatu, tena karibu na mwisho. Sasa kazi iliyobaki ni kuwasomea wazee hicho kishina katika mkutano wa Jumamosi, na nimemwomba mwenyekiti aketi karibu nami.